Mpira Yangu

Kabla hajawa kocha wa besiboli wa akina dada wa Makongeni, alilipwa ng'ambo miaka kumi na miwili kusimama mwisho kabisa wa uwanja na kudaka mipira ya juu. Mpaka leo anakusalimia akitazama mawingu. Kwake, anayeufuata mpira lazima aite "Yangu!" mkono ukiwa hewani, wengine wampishe, hata chapati ya mwisho kibandani yeye huidai vivyo hivyo. Nadira, mchezaji anayefundisha Kiswahili shuleni, alikereka.

"Kocha, mpira ni wangu, si yangu."

"Wee daka kwanza. Sanifu itakuja baadaye."

Jumamosi, mpira wa mwisho dhidi ya Ruiru ulipaa. Nadira akaukimbilia akiita kwa ufasaha, "Wangu!" Mwenzake wa kushoto, ambaye kwao anaitwa Wangu kama nyanyake, akaitika "Niko!" akaja mbio. Vichwa vikagongana, mpira ukaanguka, Ruiru wakashinda. Mashabiki wakaanza kumtukana Nadira. Kocha akachechemea hadi katikati ya uwanja, mkono hewani, akapaza sauti:

"Kosa ni yangu!"

Nadira, pua ikimvuja damu, hakumsahihisha.