Vimeno vya Kadzo

Mwaka tuliokula sima ya mahindi ya manjano, mdogo wangu Kadzo, wa kunyonya, aliharisha. Watu wakasema ana meno ya nailoni, meno mabaya yanayoleta ugonjwa, lazima yang'olewe. Alasiri moja fundi wa kung'oa meno hayo alimchokoa ufizi kwa spoki ya baiskeli, akatoa vimeno laini kama mahindi mabichi. Kulinuka damu na mafuta taa. Kadzo alilia, kisha akanyamaza. Nikapiga makofi nikidhani amepona. Mama akapiga mayowe.

Kumbe vilikuwa vimeno vyake vya utoto, havijaota bado.

Juzi mjukuu wangu alishikwa na homa. Jirani akamchungulia kinywani.

"Nyanya, ni nailoni hayo! Fundi yuko hapo nyuma."

"Nampeleka zahanati. Mjukuu wangu hachokolewi."

"Utamzika, shauri yako!"

"Mjukuu wangu hachokolewi."