Simu Iliyokufa Kila Saa Sita

Simu yangu ya zamani niliitunza kama watu wanavyomtunza mgonjwa ndani ya nyumba. Si kwamba mgonjwa ana faida kubwa, ila mwenye mgonjwa husamehewa mengi. Ukialikwa mahali unasema, "Nina mgonjwa," na aliyekualika ananyamaza. Mimi nilisema, "Simu yangu haishiki chaji," nao wakanyamaza.

Ilikuwa ndogo, kioo chake kimepasuka kwenye kona, na ikifika saa sita mchana chaji imekwisha. Ukiichomeka kwenye umeme inapata joto kama chapati iliyotoka jikoni. Video ndiyo kabisa haikuiweza: uso wa mtu unaganda mdomo wazi, halafu kimya. Nashona mapazia nyumbani kwangu, mtaa wa Batsinda, na wateja wangu walishajua kupiga asubuhi. Ndugu za mke wangu, ambao ni wengi kuliko mapazia yote niliyowahi kushona, wao hupiga jioni. Jioni nilikuwa sipatikani. Nilikaa kwenye kiti changu na bakuli la karanga, simu imelala mezani imekufa, nikiwawazia ndugu wote hao wanaonitafuta kila kona ya mji na kunikosa. Raha hiyo sijawahi kuipata kwenye harusi yoyote.

Sipendi kutoka. Naliandika hili mapema ili msomaji asitegemee safari. Safari ndefu kuliko zote katika habari hii ni ya kwenda madukani, Sonatubes, na niliifanya kwa hasira.

Adui yangu alikuwa shemeji, mdogo wa kike wa mke wangu, anayekaa Kibagabaga kwenye nyumba yenye geti linalofunguka lenyewe. Shemeji ana ruhusa ya kukutania, hilo halina ubishi. Huyu aliipokea ruhusa hiyo kama leseni ya kuendesha gari, akaanza kugonga watu. Akitaka kitu kwangu ananiita muramu, neno la Kinyarwanda lenye maana ileile ya shemeji, ila kwa sauti yake linakuwa na sukari. Nikisikia "muramu" tu, nashika mfuko.

Alikuja Jumapili moja baada ya kanisa, akaitua simu yake mezani kwetu kama mtu anayetua sinia la pilau. Ilikuwa kubwa. Tena ilikuwa ya wale wapinzani. Tangu simu yangu ya kwanza mimi ni mtu wa kampuni moja, kama shabiki wa timu ambayo haijui kama yupo duniani. Simu za wapinzani nilikuwa siziruhusu hata zichajiwe kwenye soketi ya karibu na cherehani.

"Muramu," akaanza, "hiyo yako ni simu ama ni kifungo cha koti?"

"Ni simu. Hiyo yako ndiyo sijaielewa. Unapikia?"

"Napikia. Nakaangia wivu wako."

"Naona ukiiweka sikioni inafunika uso wote. Kwa wewe, naikubali hiyo faida."

Mke wangu alichekea ndani ya kikombe cha chai. Shemeji hakucheka. Akasema binti yake anakuja kuposwa, vikao vya maandalizi vimeshaanza, na siku hizi vikao vyote ni vya video, kila mtu kwake. "Sasa wewe tutakupataje? Simu yako iko inakufa kila siku. Nunua kama hii."

Hapo nikauona mtego. Kwa wasiojua: siku ya posa kila upande huweka mzee wake wa maneno, na wazee hao wawili hushindana kwa kejeli mbele ya wageni mpaka binti atolewe. Na ni nani katika ukoo wote ule mwenye ulimi kama wangu? Kwamba Kinyarwanda changu bado kina harufu ya Karagwe, nilikolelewa, hilo sikulihesabu. Niliamini wananiwinda niwe msemaji, na kwamba kati yangu na hema la watu mia kadhaa kulikuwa na kitu kimoja tu: betri mbovu.

Kwa hiyo nikaanza kutafakari jambo la simu kwa bidii ambayo sikuwahi kuitumia hata siku nilipooa. Nilitafuta mabaya yake, na sikuhitaji kwenda mbali. Haiingii mfuko wa shati. Ikiingia mfuko wa suruali, ukikaa inakuchoma mbavu. Tundu lake la chaji si kama la kwetu, maana yake zile nyaya zote nilizokusanya kwenye kopo la maziwa kwa miaka, zingine nzima kabisa, zinageuka kuwa kamba za kuanikia nguo. Kidole kimoja hakifiki upande wa pili. Mke wangu alinisikiliza kwa siku kadhaa huku akichambua maharage.

"Simu unaiogopa," akasema.

"Naidharau. Kuna tofauti."

"Wateja wanakutumia picha za madirisha yao, wewe huoni kitu. Yule wa juzi umemshonea maua yameinamisha vichwa chini."

"Hajalalamika."

"Ni mtu wa heshima."

Kweli, lile pazia lilinikera. Picha kwenye simu yangu ilikuwa saizi ya stempu, nami nilishona nilichokiona kwenye stempu hiyo. Kama kazi tu ndiyo ingeamua, ningeshanunua simu ya wapinzani na kuomba radhi. Lakini nani anakubali kumpeleka mgonjwa wake hospitali wakati anajua akipona tu, wageni watajaa nyumbani?

Wiki iliyofuata shemeji alimpigia mke wangu, na mke wangu, mikono yake ikiwa na unga, akaiweka simu kwenye spika. Nikasikia, "Bado hajanunua?" Damu ikanipanda. Nikainuka na mkasi mkononi, nikaipigia kelele ile simu ya watu:

"Sinunui! Nikinunua mtanifanya msemaji, na sitaki! Tafuteni mwingine!"

Nilidhani nimemvunja moyo, na kusema kweli nilianza kumwonea huruma. Kisha akacheka, kicheko cha mtu anayelazimika kukaa chini.

"Msemaji? Wewe? Msemaji tumempata zamani. Ameshapimiwa hata nguo."

"Mmempata kwenye kikao gani? Mbona sikuambiwa?"

"Kwenye kundi la ukoo, la simu, tuliandika."

"Kundi ninalo hapa. Tangu Pasaka hakuna aliyeandika neno."

"Ariko muramu," akasema, yaani "lakini shemeji", na safari hii sukari haikuwepo, "hilo ni lile la zamani. Sisi tulifungua lingine."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa akiukanda ule unga kama umemkosea.

"Na wewe umo?"

"Mimi ni dada wa mama wa binti. Ningekosaje?"

"Tangu lini?"

"Tangu kile kikao cha Pasaka, uliposema mtandao unakatika," akasema bila kuinua kichwa, "na sisi wote tunakusikia unatafuna karanga."

Shemeji alikuwa bado kwenye spika. "Tulikuwa tunataka tu uzione picha za nguo za mwanangu," akasema. "Kwenye hiyo simu yako angekuwa sisimizi." Akakata.

Naomba msomaji anielewe. Nilichokuwa nakitaka maisha yangu yote, yaani niachwe, nilikuwa nimeshapewa muda mrefu bila kuambiwa. Ningetakiwa nifurahi. Niliketi kwenye kiti changu, nikala karanga, na karanga hazikuwa na ladha yoyote. Ile simu ilikuwa mezani imekufa kama kawaida yake. Kwa mara ya kwanza nikajiuliza: jioni zote zile, ilikuwa imemficha nani kutoka kwa nani?

Kesho yake nilichukua fedha niliyoiweka kwa ajili ya mota ya cherehani, nikapanda pikipiki hadi Sonatubes.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye suruali iliyombana kama ameshonewa na adui. Aliishika simu yangu kwa vidole viwili.

"Mzee, hii ndiyo ulikuwa unatumia?"

"Usimseme marehemu vibaya. Nionyeshe ile kubwa."

"Ah, hii utaipenda. Chaji inakaa siku mbili!"

"Nani kakwambia nataka siku mbili?"

Akanitazama kama mtu anayeuza miavuli ambaye mteja amemwomba wenye matundu. Kisha akaanza kunisomea sifa: kamera inaona mwezini, kioo hakivunjiki, picha zangu zote za zamani zitahamia humo zenyewe. Nikamwambia picha zangu za zamani ni madirisha ya watu na ziache zilipo. Akaniuliza kwa nini nahama kampuni baada ya miaka yote hiyo. Nikasema, "Kwa chuki." Akacheka akidhani natania, akaifunga kwenye boksi.

Kurudi, haikuingia mfuko wowote, kama nilivyotabiri. Niliishikilia mapajani kwa mikono yote miwili njia nzima, na dereva wa pikipiki akaniambia kila kona, "Mzee, nishike mimi! Simu haina breki!"

Nilipofika nyumbani nilimwamuru mke wangu aniingize kwenye lile kundi jipya. Akaosha mikono, akaniingiza. Papo hapo zikaja salamu: "Karibu sana mzee wetu", viganja vilivyokutanishwa, maua, maua mengine, kuku mmoja ambaye sikumwelewa. Kwenye kioo kile kila ua lilikuwa kubwa kama sahani. Nikaketi na kusubiri kikao kianze, maneno yangu makali nimeyapanga tayari mdomoni.

Hakuna aliyeandika tena. Kundi lilinyamaza kama darasa ambalo mwalimu mkuu amechungulia dirishani. Ila simu ya mke wangu, kule jikoni, iliendelea kulia tii, tii, tii. Nikajua wameshafungua la tatu.

Na sasa hii simu ya wapinzani haikuwa na adabu hata ya kufa. Saa sita ikapita, nikaitazama: imejaa. Saa kumi, imejaa. Jua likazama, nayo inang'aa mezani kama taa ya barabarani, na haikulia. Siku ya pili vilevile. Hakuna hata mtu mmoja aliyenitafuta jioni. Ile ndogo, kwa ubovu wake wote, ilikuwa ikifa mapema ili nisilijue hili. Nimewahi kuwa na rafiki wachache wenye huruma kiasi hicho.

Nilizitazama picha za madirisha, nazo zilikuwa safi, siwezi kusingizia. Niliona hata vumbi la kwenye vyuma. Maua ya yule mteja wa heshima niliyafumua na kuyageuza vichwa juu. Niliichukia zaidi simu ile kwa kuwa na haki.

Ikalia siku ya nne, mchana, nikiwa nimetandaza kitambaa cha pazia kubwa mezani. Video. Kidole kikaigusa kabla akili haijafika, na uso wa shemeji ukajaa kioo chote, ukiwa hai, bila kuganda.

Mazoea ni kitu kibaya. Nikasema, "Haloo? Haloo? Shemeji, unakatika... mtandao..."

"Muramu, nakuona vizuri. Mpaka maganda ya karanga kwenye ndevu."

Nyuma yake sebule ilikuwa imejaa. Wameketi kwenye makochi yote ya Kibagabaga, mke wangu katikati yao, yeye aliyeniaga asubuhi kuwa anakwenda kununua sabuni. Wote wananitazama. Kwenye kona ya kioo nikajiona na mimi: mzee mwenye futi ya kupimia shingoni, mdomo wazi, ameganda kwa hiari yake.

"Nilikuwa nataka tu kuhakikisha," akasema shemeji. "Kweli amenunua. Mzee mzima amehama chama!"

Sebule ikaangua kicheko. Nikatafuta pa kukatia. Kwenye ile ya kwetu kitufe chekundu kilikuwa chini, hakihami; hapa kilikuwa kimejificha, na kila nilipogusa nilijifungulia jambo jingine. Mara, pale kwenye kioo, nikawa na masikio ya sungura. Kicheko kikaongezeka. Nikafanya nililoliweza: nikailaza simu kifudifudi juu ya kitambaa, nikaifunika na upindo wa pazia.

"Amezima?" nikasikia sauti ya mwanamke.

"Hapana, ametugeuza. Giza tu."

"Basi mwacheni hukohuko," akasema shemeji. "Tuendelee."

Wakaendelea kweli. Nikasimama pale na mkasi, nikisikia kikao kizima kikitoka chini ya pazia: hema, soda, nani akae karibu na nani, nani asikae kabisa. Mara moja mtu aliuliza kama nitakuja siku yenyewe, na mke wangu akajibu, "Yule? Mwekeeni kiti. Kikibaki kitupu tutawekea mikoba." Kitufe nilikuwa nimeshakikumbuka kilipo, yule kijana wa Sonatubes alinionyesha. Sikukibonyeza. Nilikata kitambaa polepole ili mkasi usipige kelele.

Kisha msemaji wao akaombwa ajaribu kejeli zake, awaonyeshe alivyojiandaa. Akakohoa. Akaanza. Ilikuwa mizaha ya zamani, iliyochakaa magotini, na aliisema kwa sauti ya mtu anayesoma bei za viazi. Nilivumilia wa kwanza, nikavumilia na wa pili.

"Mbovu," nikasema.

"Nani huyo?" akauliza msemaji.

"Hakuna mtu," akasema shemeji. "Ni mapazia. Endelea."