Kikombe Cheusi cha Baba

Baba yangu ni sonara, na kwake vitu vya duniani viko vya aina mbili: vinavyoyeyuka na takataka. Kwa hiyo nilipomwambia nataka kuuza kiwanja cha Buhongwa ninunue hisa kwenye kampuni ninayofanyia kazi, ya kuchimba kinywe, yale madini meusi ya penseli, hakuuliza habari za faida.

"Kinywe ndiyo nini? Kinywa?" alisema. "Madini ya kutafuna?"

Nilikasirika. Mimi ni mwepesi wa hasira, na siku hizo hofu ilinizidishia. Kampuni yetu ilikuwa ndogo: watu watano, chumba kimoja cha kupanga mjini Mwanza, na leseni ya kilima kimoja huko kusini mwa nchi. Mimi ndiye niliyeandika mpango wa biashara. Kiwanja baba alinipa kwa mdomo nilipomaliza chuo, lakini hati ilibaki na jina lake. Bila sahihi yake nisingeweza kukiuza, na sikuwa na mali nyingine. Ningebaki kukiandikia kilima kile sifa kila siku, bila kuwa na changu ndani yake.

Nikampelekea mpango wangu, pamoja na fomu ya ridhaa ya kuuza kiwanja, kwenye karakana yake Igoma. Shikamoo, marahaba, nikaanza kumsomea. Nilisoma habari za betri, za magari ya umeme, za viwanda vya ng'ambo vinavyosubiri kinywe kama mvua. Nje fundi pikipiki alikuwa akijaribu injini, ikabidi nisome kwa kelele. Baba alisikiliza huku akipuliza vumbi kwenye mizani yake. Nilipofika ukurasa wa tatu alinyoosha mkono.

"Karatasi nimeisikia. Lete jiwe."

Nilikuwa nalo mkobani, kipande cha kinywe cha kujaa kiganja, cheusi chenye kumeremeta. Alilipima kwa mkono, nikaona usoni kwamba wepesi wake umemvunja moyo. Akaliweka juu ya tofali, akawasha gesi, akalielekezea moto.

Nimekulia mbele ya moto ule. Najua dhahabu inavyoanza kutetemeka, ikajikusanya, ikawa tone. Tukasubiri. Jiwe likawa jekundu, kisha rangi ya chungwa. Tofali chini yake likapasuka. Baba akaongeza moto mpaka jasho likamtiririka kidevuni, na jiwe halikutetemeka hata kidogo. Alipozima, likarudia weusi wake taratibu, kona zake zote zikiwa mahali pake.

"Mwanangu," alisema kwa upole, na upole huo ndio ulioniuma, "hili siyo madini. Madini yanautii moto. Usiuze kiwanja chako kwa kitu cha namna hii."

Nilikaa kwenye benchi nikijionea huruma, naye akarudi kwenye pete ya mteja aliyokuwa hajaimaliza. Akatia mabaki ya dhahabu kwenye kikombe chake cheusi cha kuyeyushia, akawasha tena. Dhahabu ikatetemeka, ikawa tone. Akaimimina. Kisha akapangusa vidole kwenye kitambaa kilekile alichofutia baada ya kushika jiwe langu, nikaona madoa mawili, la jiwe langu na la kikombe chake. Yote yalikuwa meusi, yote yakimeremeta.

Hapo ndipo nilipokumbuka mstari wa mwisho wa mpango wangu. Chini ya matumizi mengine nilikuwa nimeandika "vikombe vya kuyeyushia madini". Niliunakili tu mahali fulani, bila kufikiri.

"Baba, hicho kikombe kimetengenezwa na nini?"

"Nitajuaje? Nanunua dukani mjini, vinatoka nje. Kikichoka nanunua..."

Akasubiri kikombe kipoe. Akachukua ukurasa mmoja wa mpango wangu, akakwaruza jiwe upande mmoja na ukingo wa kikombe upande wa pili. Mistari ilikuwa ndugu.

"Subhanallah," alisema.

Neno hilo nimemsikia akilitamka maisha yangu yote, lakini siku hiyo sauti ilimkatika katikati. Mtu huyu alikuwa ametusomesha watoto wake wote kwa kilichomo ndani ya kikombe, na hakuwahi kukitazama kikombe. Nami, bingwa wa kuandika, nilikuwa nimekizika mstari wa mwisho. Tulikaa tukikitazama kile kijikombe kichakavu kama wageni, hata fundi pikipiki sikumsikia tena.

Kisha baba akavaa miwani, akafungua mpango ukurasa wa kwanza.

"Haya magari mimi siyajui. Lakini kuanzia hapa mpaka Geita, kila anayeyeyusha dhahabu anahitaji kikombe. Mbona umeviweka mwisho? Anzeni na vikombe. Magari yatawakuta."

Akaivuta ile fomu ya ridhaa ya kuuza kiwanja. Nikampa kalamu, hakuipokea. Alisaini kwa jiwe.

Kwenye ofisi ya ardhi walitucheka, wakasema sahihi ni ya wino, ikabidi aje kusaini fomu nyingine. Ile ya kwanza nimeihifadhi. Mpango wetu sasa unaanza na vikombe, na kilima hakijatulipa kitu bado. Huenda kikachelewa, huenda kisilipe kabisa. Kuna siku hofu inanirudia. Lakini kila nikienda Igoma, nikishatoa shikamoo, kabla sijakaa, baba ananiuliza:

"Kilima chetu hakijambo?"