Jina la Kwanza kwenye Makala ya Ubongo

Siku yangu ya kwanza katika maktaba ya hospitali moja mjini Nakuru, Daktari Mkuu alinionyesha kompyuta akasema, "Wewe ndiye utatuambia nani anasoma kazi zetu." Moyo ulinidunda kwa furaha. Nilikuwa nimetoka maktaba ya shule huko Gilgil, na upasuaji wa ubongo niliujua kwa jina tu.

Nilijifunza haraka. Daktari akiandika makala ya utafiti, jarida huwapa wataalamu wengine waichambue kabla ya kuichapisha. Ikishatoka, watafiti wakiitaja katika kazi zao, huo ndio urejeleo. Kazi yangu ilikuwa kuyasaka marejeleo hayo, na jamani, ilikuwa raha!

Jambo moja liliniudhi. Profesa mgeni akipitia rasimu, jina lake liliwekwa mwanzo, kama kwetu mgeni wa heshima anavyopewa firigisi ya kuku. Lakini wanaorejelea hutaja jina la kwanza tu. Waliobaki huitwa "na wenzake". Daktari Chepkemoi, aliyewapasua majeruhi wa barabara kuu mwaka mzima, alipotelea humo. Naye alikuwa ameomba kufundisha upasuaji, na kamati ya kuteua walimu ilitaka makala zenye jina lake mbele.

Makala yake kuhusu damu iliyoganda kichwani ilipokuwa tayari, nikaona mgeni yuko juu tena. Nikawaka.

"Daktari, hii study ni ya nani?"

"Ni yangu, mzee. Lakini prof ni mgeni wetu, nitamweka nyuma aje? Si ni aibu?"

"Chai tutampa, na chapati pia. Jina, hapana!"

Alicheka, kisha akampigia profesa palepale. Profesa akashangaa: siku zote alidhani huo ni utaratibu wetu, akaona haya kuuliza. Akaomba aondolewe mbele mara moja.

Makala ikatoka. Baadaye nikakuta madaktari wa Malawi wamefuata njia yake na kumtaja kwa jina. Nilikimbia korido nzima na uzee wangu, nikipiga kelele, "Umetajwa! Umetajwa!" Kamati nayo ikamkubalia.

Sasa nimestaafu, nalima mahindi Kabazi, lakini majarida bado nayafungua kwenye simu. Vijana, mkifanya kazi, itieni majina yenu bila woga. Juzi niliona makala mpya ya idara yake, nikampigia kwa wasiwasi.

"Daktari, mbona jina lako liko mwisho kabisa?"

"Wa kwanza ni mwanafunzi wangu, mzee. Mwisho ndipo anakaa mwalimu."