Bata wa Kwari

Mvua kubwa za mwisho wa miaka ya tisini zilijaza shimo la kwari, machimbo ya mawe yaliyoachwa, nyuma ya nyumba yetu Kitengela, na ndege wa maji wakahamia humo bila kumwomba mtu ruhusa. Mimi nilikuwa kidato cha pili, nina kitabu cha ndege kisicho na jalada na mdomo wa profesa. Bata bukini nilimtambua kwa doa la kahawia jichoni, bata mdogo wa mdomo mwekundu kwa shavu lake jeupe. Hakuna aliyeniuliza, lakini nilisema.

Basi bata dume wa mama akapotea. Mama alimtoa Machakos akiwa kifaranga, ndani ya kikapu, akampenda kuliko sisi wanawe. Nikakimbilia kwari, nikaona bata mkubwa, mgongo mweusi, kifua cheupe, nundu juu ya mdomo. Nikarudi kutangaza kwamba ndiye.

Mama akaenda na karai la mahindi kumwita. Jirani yetu Mmaasai, mama aliyetuletea maziwa kila asubuhi na tuliyemwita Yeyo, yaani mama kwa lugha yao, alikuwa akinywesha ng'ombe pale. Akasema kwa upole kwamba huyo si wetu.

"Yeyo, nyinyi Wamaasai hata ndege hamli," mama akamjibu. "Utamjuaje bata?"

Jirani akaswaga ng'ombe wake, na bata hakuyasogelea mahindi. Kesho yake maziwa hayakuja, wala keshokutwa. Tukanywa strungi, chai nyeusi isiyo na maziwa. Kila asubuhi mama alifagia njia iliyokwisha kufagiwa, akichungulia kwa jirani. Hasira hasara, na hasara yenyewe tuliiona kikombeni. Niliona haya sana, maana aliyeanza kujifanya mjuzi ni mimi.

Siku ya nne bata wa kwari akapaa, akapita juu ya bati letu kuelekea Athi. Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi. Bata wetu hakuweza kuruka hata ua. Mama mwenyewe alimkata manyoya ya bawa kwa mkasi.

Jioni hiyo jirani akaja, mikono ameinyoosha mbele kama aliyebeba sufuria ya moto, na bata wetu yuko juu ya mikono hiyo, amefungwa shuka. Alimkuta kwenye zizi la ndama, amelala katikati yao.

"Mimi sikuli ndege," akamwambia mama, "lakini macho niko nayo. Ule wa maji ako na nundu nyeusi. Huyu wako ako na uso nyekundu, ya mtu amekula pilipili."

Mama alifurahi hadi akachanganyikiwa. Kwetu Ukambani mgeni wa heshima huchinjiwa kuku, na kuku hatukuwa na hata mmoja. Akaniagiza kisu. Jirani alipokiona, akamvuta bata kifuani akamkumbatia.

"Mama, kumbe nilikuwa namleta akuje afe?"

Mama akakumbuka anaongea na nani, akacheka mpaka akaketi chini. Akaomba msamaha, akaniambia nilete chai. Jirani akachungulia kikombe, akaona ule weusi, akanirudishia bila kuonja. Akamweka bata chini, akatoka. Mama akaacha kucheka.

Alirudi na kibuyu cha maziwa, bata akimfuata nyuma.

"Chemsha ingine," akaniambia.