Marié Bila Bibi na Hema ya Bantu Mia

Kamembe nzima, kuanzia soko paka parking ya mabus, Ciza banamwitaka "Marié Bila Bibi", bwana arusi asiye na bibi. Hata batoto ya mtaa wa Gihundwe wakimuona kwa pikipiki wanapiga vigelegele: "Marié, bibi iko wapi?" Ye anajifanya hasikie. Anasikia muzuri sana.

Ciza ni muntu wa mahema. Papa yake alivuka mupaka toka Bukavu na hema moja ya kukodisha, ya arusi na ya matanga, na leo Ciza njo anazisimamisha: nguzo, pazia nyeupe, maua ya plastiki. Nusu ya benye kuoana huku, ye njo alibapangia viti. Ye mwenyewe? Wapi!

Halafu akamuona Mutoni. Mutoni anapokeaka bageni kwa camping moja kadogo huko milimani, ndani ya pori: majani, mahali ya kuwasha moto, na nyani benye kuiba mukate. Ciza alikuwa anamuandikia message kama sala ya rozari, Mutoni anajibu na kidole gumba tu. Siku moja akaandika kabisa: "Kuya samedi, hii Jumamosi, ulale huku na hema yako. Nione kama pori unaiweza."

Ushindi, rafiki yake, akamuletea kahema kadogo ya muntu moja. Bure kabisa. Ciza akakaangalia kama soksi ya muntu mwingine.

"Hii? Hii si ya kulalisha kuku?"

"Ndugu yangu, pori haina protocole."

"We nyamaza, pakia nguzo."

Wakapakia ku kamionnette ile hema ya arusi, ya bantu mia. Na pazia. Na viti viwili vyenye maua, vile vya bwana na bibi arusi, sababu Ciza alishajiona amekaa na Mutoni wanakunywa chai.

Samedi asubuhi Mutoni alikuwa ameenda kuonyesha bageni maporomoko ya maji. Hema ikasimama katikati ya camping, nyeupe kama meno ya muntu wa publicité ya dawa ya meno. Ushindi akajificha ndani ya kamionnette, kwa haya.

Sasa huku kwetu munajua: hema nyeupe ikisimama samedi, nani anaulizaka invitation? Kilima nzima iliiona. Bamama wakaanza kushuka na vikapu kichwani, wamevaa mishanana, nguo za sherehe, na mbele yabo Mzee Nsabimana na bidon ya kasiksi, pombe ya ndizi.

"Kijana, hongera!"

"Mzee, hapana arusi. Ni camping."

"Camping na pazia?" Mzee akabageukia bengine. "Eko na haya, maskini. Mumukalishe."

Wakamukalisha. Vigelegele! Pale pale Mutoni akatokea porini, akakuta tante yake mwenyewe, shangazi Mukansanga, anacheza na kikapu. Ciza kwa kiti. Kiti ya pembeni tupu. Juu ya hema, nyani anatafuna maua ya plastiki.

Bote wakamugeukia Mutoni. Akikimbia, Ciza amekwisha. Akikaa, basi ameolewa mbele ya kilima nzima bila kuulizwa.

Ciza akaruka, jasho mutupu.

"Bantu yangu, bibi hakuna! Huyu dada hajanikubali hata kwa soda. Alisema nikuye na hema, nilipewa kadogo nikakataa, nilitaka anione mukubwa. Ni miye mujinga."

Bamama wakaacha kucheza, hata nyani iliacha kutafuna.

"Na huu muchele nilioubeba?" tante Mukansanga akauliza.

Mutoni akacheka paka akashika nguzo. "Tante, tutakula. Mzee, we kuya hapa." Akamushika Mzee Nsabimana mukono, akamukalisha kwa kiti ya bibi arusi, akamurudisha Ciza kwa ile ya bwana, na akabapiga picha. Njo ile picha inazunguka ku WhatsApp paka leo, ile jina ya Ciza imeandikwa chini yake. Nani aliandika? Mutoni, ataandika nani mwingine!

Wakati wa kushusha hema, Mutoni akamupitia Ciza karibu. "Rudisha hii nyumba. Samedi ingine kuya na ile ya kuku."

Akakuya. Na ingine tena. Kahema ni kafupi, miguu inalala inje, nyani ilishamuzoea. Vile viti viwili? Hakodishe tena, anavichunga kwa siku yake mwenyewe, hata umulilie.

Na mwee munaocheka, jina yenu ya aibu ilitoka wapi? Muandike hapa chini, yote, bila kukata. Ciza eko anasoma, mumuache asikie hayuko peke yake.