Nani Aliyeghafilika?

Miaka ile ya sitini, tulipokuwa bado wageni Maskati, asubuhi moja nilikaa kwenye benchi la zahanati karibu na mwanamke aliyempakata bintiye. Mtoto alikunywa mafuta ya taa kwenye chupa ya sharbati, na sasa anakohoa kikohozi kikavu kisichokatika. Mkwewe yule mwanamke, mamake mume, ameishika chupa yenyewe, imebaki robo.

"Nani kayatia humu?" daktari akauliza, katoka chumbani mwake.

"Mkazamwanangu huyu," mkwe akajibu upesi. "Kaghafilika."

Mwanamke akainamisha kichwa. "Naam. Nilighafilika."

"Ilijaa, au nusu? Lazima nijue kanywa kiasi gani."

Mwanamke akaitazama chupa. Akamtazama mkwewe.

"Sema, bibi! Mtoto anakwisha!"

Hapo ndipo mkwe alipoiinua chupa mbele ya daktari. "Haikufika nusu," akasema. "Nlimimina mimi."

Daktari akamchukua mtoto, akaingia naye ndani, akafunga mlango. Mwanamke akaushika mkono wa mkwewe. "Umeghafilika tu, mama."

Neno hili tunalipenda sisi watu wa Unguja. Linasema hukukusudia wala hukupuuza, ni moyo tu ulioondoka kidogo. Siku ile nilijifunza kwamba mtu halichoti mwenyewe. Hungoja kupewa na yule aliyekosewa.

Nyuma ya mlango kikohozi kikakatika. Kisha mtoto akakohoa, na sote watatu tukasema alhamdulillahi, kwa ajili ya kikohozi.